Tusingoje Jino Lituamshe Usiku

Ndugu wanakikundi, jino halianzi kuoza siku linapouma. Sukari ya chai, soda na chingamu tunazotafuna na miraa hulisha vijidudu, navyo hutoa asidi inayotoboa jino polepole. Tundu likiwa dogo, daktari huliziba tu. Likifika kwenye mshipa wa fahamu, ni kutibiwa mzizi kwa pesa nyingi ama kung'olewa. Ndipo mtu anakuja kukopa kikundini! Tembe hutuliza uchungu, lakini jino linaendelea kuoza.

Hapa Isiolo miswaki ya mti tunayo. Kata ncha mpya kila siku, sugua mpaka magego ya nyuma, hasa kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi huongeza nguvu. Ukiona tundu, enda hospitali kabla halijauma.