Je, Wajua Nambari ya Mombasa Inagawika kwa Ngapi?

Kila aliyelala Mombasa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 alihesabiwa katika sensa, wakiwemo wa nyumba zilizo karibu na ufuo wa Shelly Beach kule Likoni. Sensa ikatoa jawabu: watu 1,208,333.

Serikali huitumia nambari hiyo kupangia bajeti. Mwanahisabati ana swali lake: inagawika kwa ngapi?

Mombasa ina kaunti ndogo 6: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ukitaka kuwapanga watu wake mafungu 6 yaliyo sawa, utashindwa, kwani nambari yenyewe ni witiri. Mafungu 3 pia hayatimii, wala 5. Lakini mafungu 7 yanatimia bila kubaki mtu hata mmoja: kila fungu watu 172,619.

Wala huhitaji kikokotoo kulijua hilo. Soma nambari kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, kama mikato inavyoonyesha: 1, 208, 333. Chukua 333, toa 208, ongeza 1, upate 126. Kwa kuwa 126 ni 7 mara 18, nambari nzima nayo hugawika kwa 7. Ujanja huu unatokana na 1,001 (ndiyo, idadi ya usiku wa Alfu Lela U Lela), ambayo ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hiyo hesabu moja inapima vigawo vitatu kwa mpigo. 11 na 13 hazigawi 126, basi hazigawi 1,208,333 pia. Ijaribu kwa Likoni, iliyokuwa na watu 250,358: 358 kutoa 250 ni 108, na vyote vitatu vinagoma. Likoni ni 2 mara 151 mara 829.

Hiyo 172,619 je? Ni nambari tasa: haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kulithibitisha hilo kwa kalamu kwataka subira, maana utaijaribu kwa kila nambari tasa kuanzia 2 hadi 409, nazo ni 80. Kuizidisha kwa 7 ni kazi ya dakika moja. Kurudi kinyume ndiko kwenye jasho.

Jasho hilo wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waliligeuza kufuli mwaka 1977, huko Marekani. Zidisha nambari tasa mbili kubwa mno, tangaza jawabu, ficha vigawo. Mbinu hiyo, RSA, bado inatumika kulinda mawasiliano ya intaneti. Nambari ya Mombasa nayo ni zao la tasa mbili, ila kwa kufuli haifai kitu: 7 inafichuka mapema mno. Februari 2020 watafiti walitangaza kwamba wameivunja, yaani wamevipata vigawo vyake, nambari ya RSA yenye tarakimu 250, kwa msaada wa kompyuta nyingi. Nambari ya RSA yenye tarakimu 617 haijavunjwa hadi leo.