Makombo Si Takataka: Kitako cha Keki ya Jibini

Katika kila nyumba yenye watoto hayakosekani makombo. Biskuti huvunjika ndani ya pakiti, mkate hukauka, na keki ya juzi hubaki kipande ambacho hapana anayekinyoshea mkono. Nyumba nyingi huyakusanya hayo na kuyatupa jaani pasipo hata kuulizana. Twaona yafaa tuliseme jambo hili, kwa kuwa Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, imetukataza israfu pale pale ilipotuamrisha kula na kunywa. Naye Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba tonge likianguka huokotwa, likaondolewa uchafu na kuliwa.

Sisi tukaao Makongolosi, katika wilaya ya Chunya, yatupasa kulifahamu fundisho hili upesi. Mji huu waishi kwa dhahabu, na kila mchimbaji ajua kwamba mali huonekana jiwe linapokwisha kusagwa likawa vumbi. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao wenyewe huuita marudio, hununuliwa ukatafutwa tena. Basi ikiwa mchanga hautupwi, itakuwaje itupwe riziki iliyokuwa chakula?

Leo twapenda kuonyesha njia moja ya kuyatumia makombo hayo, nayo ni kitako cha keki ya jibini. Keki hii ina tabaka mbili. Juu huwa jibini laini iliyopigwa pamoja na mayai na sukari. Chini huwa kitako kikavu kilichofanywa kwa chenga za biskuti na mafuta. Watu wengi wadhani kwamba ni chakula cha mahoteli makubwa tu. Lakini huko Marekani kitako hiki hufanywa kwa biskuti zenye jina la Sylvester Graham, mhubiri aliyezaliwa mwaka 1794 akafa mwaka 1851, ambaye aliwahimiza watu kula mkate wa unga usiochekechwa, kama sisi tunavyohimizana kula dona. Kumbe fahari hiyo yatokana na chakula cha watu wa kawaida!

Vipimo vyake ni hivi. Kwa bati lenye upana wa sentimita 22, twaa gramu 200 za biskuti kavu na gramu 90 za siagi iliyoyeyushwa. Ikiwa biskuti si tamu, ongeza vijiko vikubwa 2 vya sukari. Mwenye mkate mkavu na atwae gramu 150 za chenga zake, gramu 50 za sukari na gramu 90 za siagi. Lakini kwanza aukaushe mkate motoni mpaka uvunjike kwa mlio. Mwenye samli na atumie gramu 75 badala ya 90, kwa sababu ndani ya siagi mna maji, na katika samli maji yamekwisha kuondoka.

Biskuti hupondwa katika kinu, au ndani ya mfuko safi kwa mti wa kusukumia chapati, mpaka ziwe kama mchanga mnene. Zikiwa vipande vikubwa, kitako kitaachana. Zikiwa laini kama unga, kitakuwa kigumu mno. Changanya na siagi, kisha fumbata kiasi katika kiganja. Chenga zikishikamana, na zikaachana ukizigusa kwa kidole, zimefaa. Zikikataa kushikamana, ongeza siagi kidogo. Mafuta yakichuruzika vidoleni, ongeza chenga. Mimina katika bati lililopakwa mafuta, ukandamize kwa kitako cha bilauri, na hasa pembeni, maana huko ndiko kitako huanza kubomoka.

Hapa wengi hukosea. Wapishi wa nchi za baridi huweza kukiacha kitako katika jokofu, siagi ikaganda na kuzishika chenga. Ama Makongolosi ina joto kuliko Mbeya mjini, na nyumba nyingi hazina jokofu. Siagi ikipata joto huyeyuka tena, na keki huvunjika mkononi mwa mgeni. Kwa hiyo kitako chetu sharti kiokwe. Motoni sukari huyeyuka, na ikipoa hukauka na kuzifunga chenga. Kifungo hicho hakilegezwi na jua la mchana.

Asiye na jiko la kuokea atie mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, aweke mawe matatu madogo juu yake, afunike na kupasha kwa mkaa dakika 15. Kisha aweke bati juu ya mawe, afunike, na atie makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya dakika 10 au 12 harufu nzuri itatoka na ukingo utageuka rangi. Akiepue akiache kipoe kabisa kabla ya kutia jibini, ama sivyo kitalowa.

Jibini yaweza kufanywa nyumbani. Maziwa ya Rungwe hugandishwa, na mtindi wake ukifungwa katika kitambaa safi na kuning'inizwa usiku kucha mahali pa baridi, maji hutoka na jibini laini hubaki. Gramu 500 za jibini hiyo, mayai 2, gramu 100 za sukari na kijiko kikubwa 1 cha unga wa ngano hupigwa pamoja, humiminwa juu ya kitako, na huokwa kwa moto mdogo mpaka katikati pasitikisike sana.

Yako mambo matatu tunayoyasisitiza. Kwanza, mkate ulioota ukungu hautumiwi, hata ukikwanguliwa. Kutupa kilichooza si israfu; israfu ni kukiacha kikaoza. Pili, kinu na sufuria za jikoni zisiwe zilizopata kutumiwa kwa mawe ya dhahabu au kwa zebaki. Zebaki ni sumu, na kuosha kwa sabuni hakukihalalishi chombo hicho kurudi jikoni. Tatu, someni maandishi ya pakiti. Keki za jibini zisizookwa aghalabu hugandishwa kwa jelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingine ni ya nguruwe. Keki yetu hushikwa na mayai, haina haja ya jelatini. Hata biskuti zenyewe zitazamwe; zikiandikwa mafuta ya wanyama pasipo kutajwa mnyama gani, ziacheni.

Enyi vijana, wa kiume na wa kike, kazi hii ni yenu pia. Wekeni jikoni kopo moja safi lenye kifuniko, mtie humo kila biskuti iliyovunjika na kila kipande cha mkate kilichokwisha kukaushwa. Itakapofika Idi, pimeni mlichokiweka. Huenda mkakuta zimetimia gramu 200, na nyumba isiyo na fedha ya kununua keki ikampa mgeni wake keki iliyo safi na ya halali.