MKATA MKONGE ANA UJUZI



Zamani watu wengi walitoka Kigoma, Songea na Njombe kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wako waliowadharau. Walisema, "Manamba ana nguvu tu, hana ujuzi." Je, ni kweli? Tuitazame kazi yenyewe.

Mkataji huanza na majani ya chini yaliyokomaa. Hukata karibu na shina, lakini halijeruhi. Majani machanga ya juu huyaacha. Akikata mengi mno, mmea hudhoofika. Kila jani lina mwiba mkali kwenye ncha, naye huuondoa. Utomvu wake huwasha ngozi. Kisha hufunga majani 30 kuwa tita moja, na kulibeba hadi njiani. Lazima afanye haraka. Majani yakikauka, nyuzi hazitoki vizuri katika mashine. Hata leo mkonge hukatwa kwa mkono.

Faida ya kazi hii ni kubwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na miche michache tu ilifika hai. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, mkonge uliongoza kwa kutuletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 200,000. Zote zilipita katika mikono ya wakataji.

Lakini wengi wao walipunjwa. Mkataji alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Alipomaliza kazi ya siku, kadi ilitiwa alama. Alilipwa zilipotimia alama 30. Siku asiyomaliza kazi haikuhesabiwa. Asiyejua kusoma na kuhesabu angewezaje kumbishia mnyapara?

Wewe sasa unajua kusoma. Ukienda kufanya kazi mbali na kwenu, soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kila jioni andika hesabu ya kazi yako katika daftari. Na akija mgeni kulima au kuvuna shambani kwako, usimwite mtu wa nguvu tu. Patana naye ujira mbele ya shahidi, umlipe siku mliyoagana. Naye ana ujuzi, na ana watoto wanaomngoja.

MASWALI

1. Kwa nini mkataji haachi majani yakauke?
2. Kipande kilikuwa nini?
3. Katika kijiji chenu, vibarua wageni hulipwaje? Jadilianeni darasani.