Kibondo na Kasulu katika UMISSETA: Wapinzani wa Kombaini Moja

Mechi ya soka kati ya Kibondo na Kasulu katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari wa wilaya mbili jirani za nyanda za juu za Kigoma. Njia ya kuifikia huanzia shuleni, ikapanda hadi halmashauri. Hapo vijana waliokuwa wakikabana wiki chache nyuma huchaguliwa, wakavalishwa jezi za rangi moja na kuwekwa kambini pamoja.

Timu ni ya halmashauri, na mechi hiyo ni kikombe na usaili kwa wakati mmoja, kwa sababu baada yake huundwa timu moja ya mkoa, yaani kombaini.

Mgawanyo wa wilaya umeubadili sana upinzani huu. Mwaka 2012 Kakonko ilitoka Kibondo ikawa wilaya, na Buhigwe ikatoka Kasulu. Vijana ambao zamani wangechezea Kibondo sasa huja kama wapinzani wake. Kasulu nayo ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, kati ya nane za mkoa mzima, kwa hiyo Kibondo inaweza kukutana na Kasulu mbili katika mashindano yale yale, nazo zikakutana zenyewe kwa zenyewe.

Kalenda inafuata mvua na muhula. Masika hukatika huku Mei, na Juni ardhi nyekundu ya Kasulu na Kibondo imeshakauka. Mpira hudunda juu kuliko kwenye nyasi, pasi ndefu hupotea, na beki anayesubiri udunde mara ya pili ameshachelewa. Timu iliyozoea viwanja hivyo huutuliza mpira kwa kifua au paja kabla haujagusa chini. Wachezaji hulala madarasani, magodoro yamepangwa ukutani palipokuwa na madawati, na wengine hucheza kesho yake na siku inayofuata. Pumzi, kwa hiyo, huamua mengi kuliko ufundi. Mechi ya mtoano ikiisha sare, huenda kwenye penalti za mita 11, tano kwa tano kwanza.

Kazi ngumu zaidi ni ya wateuzi, walimu wa michezo waliokaa pembeni na daftari. Wao hawatafuti timu iliyoshinda. Wanatafuta kipa anayepanga mabeki wake, winga anayerudi kukaba, kiungo asiyeficha uso timu yake ikiwa nyuma kwa mabao mawili. Ndiyo maana mchezaji wa Kibondo iliyofungwa anaweza kusafiri na mkoa huku mfungaji wa Kasulu akibaki nyumbani. Utaratibu huu una haki yake: kijana mwenye kipaji kutoka shule ya kata isiyo na kikosi kizuri haadhibiwi kwa udhaifu wa wenzake. Ugumu wake ni muda. Kocha wa kombaini hupewa siku chache tu za kuwazoesha kiungo wa Kibondo na mshambuliaji wa Kasulu kuelewana bila kuitana.

Kombaini ya Kigoma huenda kwenye fainali za taifa, ambazo huhamishwa mkoa hadi mkoa. Mtwara zilichezwa mwaka 2019 na 2021, Tabora mwaka 2022. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2020, shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi mwisho wa Juni, na msimu ukapita bila michezo. Kwa waliokuwa kidato cha nne mwaka ule, nafasi ya mwisho ya kuvaa jezi ya mkoa wakiwa katika kidato hicho ilipotea.