Kompyuta ya Injini: Fikiri Kabla ya Kuing'oa



Teksi nyingi za Bujumbura ni Toyota zilizotumika Japani. Ndani yake kompyuta ndiyo kapita wa injini: hupima hewa na joto, kisha huamuru petroli na cheche. Wengine huing'oa nyumbani ibadilishwe programu, gari liongeze nguvu.

Ukiing'oa, toa ufunguo. Fungua waya wa hasi wa betri, ngoja dakika chache. Shika plagi, usivute nyaya wala kugusa pini.

Lakini kwa injini ndogo faida ni kidogo. Cheche ikitangulia mno, injini hugonga, pistoni ikatoboka. Mwaka 2024 tulipanga foleni za petroli. Anayeishi kwa teksi ahifadhi injini yake. Ndiyo jembe lake.