Mnyonge Ndiye Mnene

Tukiwaona ndege wawili wadogo wa jamii moja, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, wengi wetu tungesema yule mnene ndiye bwana wa kundi: hula atakavyo, na wenziwe husubiri masazo. Watafiti wa maisha ya ndege wamebaini kinyume chake.

Katika msitu wa Wytham, karibu na mji wa Oxford nchini Uingereza, wataalamu wamekuwa wakimfuatilia tangu mwaka 1947 ndege aitwaye kitaalamu Parus major. Uzito wake ni gramu 18 hivi. Ana kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano. Majira ya baridi ndege hawa huandamana kwa makundi kutafuta chakula, na kila mmoja anajua daraja lake. Kwa kawaida madume huwatangulia majike, na wakubwa huwatangulia wachanga. Mwenye cheo akifika penye mbegu, mnyonge humpisha.

Usiku wa baridi ni mrefu, na mafuta ya mwilini ndiyo kuni za kumfikisha ndege alfajiri. Mwenye cheo ana hakika ya kula kesho, basi hujiwekea akiba ndogo tu. Mnyonge hana hakika hiyo. Apatapo nafasi hula na kujaza akiba. Ndiyo maana huwa mnene zaidi. Lakini unene huo una gharama yake: ndege mzito huwa mzito pia wa kuruka kipanga anaposhuka. Dawa za kuulia wadudu mashambani zilipowaondoa vipanga msituni humo, uzito wa ndege hawa uliongezeka. Vipanga waliporudi, ukapungua. Mnyonge basi yu baina ya hatari mbili, njaa na kipanga, na njaa humlemea zaidi.

Sisi tunaowapakulia watoto katika sinia moja tuna la kuzingatia hapa. Binadamu si ndege, na ulaji wa mtoto una sababu nyingi. Hata hivyo, binti atiaye matonge makubwa kwa haraka, macho yakiwa kwa kaka zake, huenda si mroho. Kabla ya kumkemea, tutazame ni nani hutangulia kwenye kitoweo, na yeye hubakishiwa nini. Pengine dawa yake ni fungu lake kutengwa mapema, alione kwa macho yake, na ajue kwamba halitaguswa.