KIJIDUDU WA UDONGONI ANAYEUA VIWAVI WA KABICHI

Ndugu mkulima wa Iyunga, funua jani la kabichi yako. Je, unaona viwavi wadogo wa kijani? Ukiwagusa, wanajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Hao ni watoto wa nondo mgongo wa almasi. Wanatoboa majani na kuharibu kabichi. Kabichi yenye matundu haipati bei sokoni.

Wengi wetu hupiga dawa kali kila wiki. Lakini nondo huyu huzoea sumu upesi. Tunaongeza dawa, tunaongeza gharama, na viwavi bado wapo. Iko njia nyingine.

Ni kijidudu gani?

Udongoni wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Wanaitwa bakteria. Mmoja wao hutengeneza punje ndogo sana ya sumu. Mwaka 1901 Shigetane Ishiwata wa Japani alimgundua katika viwavi wa hariri waliokufa. Mwaka 1911 Ernst Berliner alimweleza tena, baada ya kumpata katika nondo wa unga wa jimbo la Thuringia, Ujerumani. Kwa hiyo aliitwa Bacillus thuringiensis. Kwa kifupi ni Bt.

Hapa Tanzania, kiwanda cha Kibaha kilifunguliwa mwaka 2015 kwa utaalamu wa Cuba. Kilijengwa kutengeneza dawa ya viluwiluwi wa mbu kutokana na bakteria wa namna hii. Lakini dawa hiyo ya mbu haiui viwavi wa kabichi. Kila aina ina mdudu wake.

Inauaje?

Kiwavi lazima aile. Utumbo wake ni kama maji ya magadi. Humo punje huyeyuka, ikawa sumu na kutoboa utumbo. Tumbo la mtu lina uchachu kama wa ndimu, na utumbo wetu hauna mahali pa sumu hiyo kushika. Kwa hiyo haitudhuru. Haiui nyigu wadogo wanaotusaidia kuua viwavi. Pia haiui wadudu mafuta, kwa sababu wao hufyonza maji ya ndani ya jani.

Usichote udongo na kuukoroga kwa maji ukidhani umepata dawa. Bakteria hao ni wachache humo. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwenye lebo tafuta neno kurstaki au aizawai. Hizo ndizo aina za viwavi.

Jinsi ya kutumia

1. Piga dawa viwavi wakiwa bado wadogo.
2. Piga jioni. Jua kali huharibu dawa hii, na mvua huiosha.
3. Nyunyizia pande zote za jani, hasa chini.
4. Fuata kipimo cha lebo. Funika pua na macho, kisha nawa kwa sabuni.

Usiwe na haraka

Hapa ndipo wakulima wengi wanapokosea. Asubuhi wanakuta viwavi wangali hai. Wanasema, "Dawa hii ni maji tu." Wanarudia kwa sumu kali. Fedha imepotea mara mbili, na nyigu wamekufa bure.

Kiwavi aliyekula Bt huacha kula baada ya saa chache. Hufa baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo usitazame kiwavi, tazama jani. Weka vijiti kwenye kabichi 10. Siku ya tatu kagua majani machanga ya katikati. Kama hakuna matundu mapya, dawa imefanya kazi.

Lakini usitegemee Bt peke yake. Huko Hawaii nondo huyu alizoea hata Bt, kwa sababu ilipigwa mara nyingi mno. Ng'oa na kufukia mabaki baada ya kuvuna. Msimu ujao panda mahindi au maharage mahali hapo. Na kabla ya kununua dawa, chukua jani lenye viwavi, ulipeleke kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yako alitazame.